Mkurugenzi aonekane kwenye video, au asionekane?

Pita kwenye mabanda ya taasisi pale Nzuguni siku za Nanenane, utakuta televisheni inarudia video ileile tangu asubuhi. Droni inapaa juu ya jengo, muziki unalia, msimulizi mwenye sauti nzito anataja mwaka taasisi ilipoanzishwa. Kisha mkurugenzi mezani, bendera ndogo pembeni, anaanza na itifaki. Wananchi wanampita wakielekea kwenye mabanda ya mifugo.

Sisi wapiga video wa Dodoma hucheka sana video hizo (huku tukiwa ndio tuliozitengeneza na kulipwa). Siku hizi kuna kundi linalosema dawa ni moja: toa mkurugenzi, weka mteja mwenye ushuhuda, maliza ndani ya dakika 1. Mtazamaji ameshika simu na bando lake linahesabika. Historia ya taasisi ni ya nini kwake?

Hoja hiyo ina uzito, ila naona tumeivuta kupita kiasi. Chukua mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeombwa auze mzigo wake kwa kampuni asiyoijua, alipwe baadaye. Zabibu ikishachumwa haisubiri. Huyo hajali klipu ina vionjo gani. Anataka kuona uso wa mtu atakayemdai. Na katika nchi ambayo kila mtu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kampuni isiyo na sura inatia shaka mapema. Kwa hiyo kiongozi aonekane. Tabu ni kwamba tukimwekea kamera anageuka karatasi.

Nimeliona hilo kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, barabara ya Singida. Bosi alitusomea risala ya kurasa 2 bila kuinua macho. Tulipokuwa tunafungasha vifaa, akamwita kijana wangu kwenye mashine, akachota mashudu kwa kiganja, akaanza kumweleza kwa nini mafuta yake anayachuja mara mbili na nini kinatokea mtu akiharakisha. Mtu mwingine kabisa! Kijana akawahi kumrekodi kwa simu.

Hapo wanaosema simu inatosha kutengeneza video wangeshangilia. Tulipofika ofisini tukasikiliza: mashine imemeza nusu ya maneno, na alipotoka nje upepo ukameza nusu iliyobaki. Mtazamaji atavumilia picha iliyotikisika kidogo, lakini sauti isiyosikika anaiacha palepale. Kwa upepo wa Dodoma, maiki ndogo ya kubana shatini yenye kifuniko cha manyoya ina faida kuliko kamera ya bei mbaya. Ningekuwa na bajeti finyu, ningeanzia hapo. Mwanga hauna gharama, unahitaji adabu ya saa tu: saa sita mchana jua letu linamchimba mtu mashimo chini ya macho, na ajabu ni kwamba huo ndio muda ambao wakurugenzi wengi huwa na nafasi.

Droni nayo imekuwa kama pilau ya harusi, isipokuwepo watu wanauliza. Hairushwi hivihivi, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mji huu wenye Bunge na Ikulu ya Chamwino si mahali pa kubahatisha. Kwa anayeuza viwanja au ghala inafaa, maana mnunuzi aliye mbali anataka kuona ukubwa wa eneo na barabara inapopita. Kwa ofisi ya ghorofa 1 inaonyesha bati.

Ushuhuda wa wateja nao si wa bure kama unavyosifiwa. Sura ya mtu ni taarifa yake, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ridhaa ya mdomo mbele ya kamera naiona haitoshi. Mpe karatasi asaini, tena umweleze video itarushwa wapi.

Swali la "wapi" ndilo linaloshindikana kwenye vikao vingi. Taasisi inaagiza video 1, kisha inaitaka ifanye kazi kwenye banda, kwenye ukumbi wa wafadhili na kwenye WhatsApp. Bandani spika ya jirani itaizidi nguvu, kwa hiyo inahitaji maandishi makubwa chini ya picha. Ukumbini watu wamekaa, dakika 8 wanazimudu.

Yule bosi wa alizeti tulirudi kwake na maiki. Risala alikataa katakata iondolewe. Iko kwenye video ndefu aliyoipeleka benki, ambako tarehe na takwimu zina wasikilizaji. Ya sekunde 50 ina kiganja cha mashudu, na sauti yake inasikika.