Tritiamu ndani ya kauri: kuzaliwa ni rahisi, kutoka ndiyo kazi

Husemwa kwamba umeme wa muungano wa nyuklia utaendeshwa kwa mafuta ya baharini yasiyokwisha. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mafuta hayo ni aina mbili za haidrojeni: deutiriamu imo katika maji ya bahari, lakini mwenzake, tritiamu, hupungua kwa nusu kila miaka 12.3, na haina mgodi. Mtambo wenye nguvu ya muungano ya megawati 1,000 ungeunguza takriban gramu 150 kwa siku. Akiba ya kiraia ya dunia, ambayo sehemu kubwa inatoka kwenye vinu vya nyuklia vya maji mazito vya Kanada, hukadiriwa kuwa kilo 25 hadi 30. Mtambo mmoja ungeimaliza kabla ya miezi saba.

Kwa hiyo mtambo lazima ujipikie mafuta yake: nyutroni inayotoka kwenye plazma, yaani gesi ya moto mno ambamo muungano hufanyika, inagonga lithiamu-6, aina mojawapo ya lithiamu, na atomu hiyo inapasuka kuwa heliamu na tritiamu. Mpaka hapo hakuna mabishano. Ubishi unaanza ukiuliza lithiamu iwekwe katika umbo gani.

Kambi moja inataka kauri: othosilikati au titanati ya lithiamu, iliyofanywa vijipunje vya milimita moja au pungufu, kama uwele, na kumwagwa kwenye masanduku yanayozunguka plazma. Gesi ya heliamu hupita katikati ya punje ikizoa tritiamu. Kauri haiyeyuki kirahisi, wala haisumbuliwi na sumaku zinazoishikilia plazma.

Tatizo ni kwamba tritiamu huzaliwa ndani kabisa ya chembe ndogo zinazounda kila punje. Inabidi ijipenyeze hadi kwenye mpaka wa chembe, ifike juu ya uso, kisha ibanduke. Njiani hunaswa na kasoro ambazo mnururisho wenyewe umezichonga. Kauri ikipoa mno, tritiamu inakwama. Ikipata moto mno, chembe hukua na kushikamana, na safari ya kutoka inakuwa ndefu zaidi. Ndiyo maana heliamu hutiwa haidrojeni kidogo, yapata asilimia 0.1: atomu ya haidrojeni huchukua nafasi ya tritiamu juu ya uso, na tritiamu ikaondoka kama gesi. Pakiwa na unyevu, hutoka kama maji, na maji ya tritiamu huingia mwilini kirahisi kuliko gesi yake.

Kambi ya pili husema: mateso ya nini? Tumia mchanganyiko wa risasi na lithiamu, unaoyeyuka kwenye nyuzi 235 za Selsiasi. Unazungushwa, tritiamu inatolewa nje ya mtambo, na lithiamu inaongezwa bila kufungua sanduku lolote. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa sababu risasi yenyewe huzidisha nyutroni za kupikia tritiamu. Kauri huhitaji beriliamu kwa kazi hiyo, na vumbi la beriliamu huharibu mapafu. Isitoshe, beriliamu nayo hung'ang'ania tritiamu.

Hata hivyo, sifa ya kimiminika ndiyo kasoro yake. Risasi haiipendi tritiamu, basi tritiamu hutafuta njia yake: hupenya chuma cha moto cha mabomba na kuelekea kwenye mfumo wa kupozea. Uwanja wa sumaku nao hukizuia kisitiririke. Tena huhitaji lithiamu iliyorutubishwa, yaani iliyoongezwa lithiamu-6 hadi kama asilimia 90, ilhali kauri hutosheka na kiwango cha chini. Asili hutoa asilimia 7.5 tu, na urutubishaji wa zamani kule Oak Ridge, Marekani, ulifanywa kwa zebaki nyingi iliyochafua mito ya huko.

Kwangu mimi, mateka aliye ndani ya kauri ana nafuu kuliko mtoro aliye kwenye mabomba: unajua alipo, na joto litamtoa. Lakini imani hiyo imejengwa juu ya majaribio ya vinu vya kawaida vya kupasua atomu, kama yale ya Petten, Uholanzi, ambako kauri zilipigwa na nyutroni dhaifu kuliko zile za muungano, zenye nishati ya MeV (elektronivolti milioni) 14.1. JET, mtambo wa majaribio ya muungano wa Uingereza, ilitoa megajuli 69 mwaka 2023 kwa miligramu 0.2 za mafuta, bila kupika tritiamu hata kidogo. Masanduku ya majaribio ya kambi zote mbili yamepangiwa nafasi katika ITER, mtambo wa kimataifa wa majaribio ya muungano kusini mwa Ufaransa, na mtambo huo bado unajengwa.