Umeme wa nyuklia hauzibi bomba

Kuna utetezi mmoja umenichosha. Kila inapotajwa hewa chafu ya CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hakosekani mtu wa kusema: umeme wao karibu wote unatoka Ufaransa, Ufaransa inazalisha kwa nyuklia, sasa mnalalamikia nini? Wiki hii nimeusoma tena, tena kutoka kwa mtu aliyesomea fizikia. Huyo alipaswa kujua.

Malalamiko yapo, ila si ya umeme. Maabara yenyewe imeyaandika. Ripoti yake ya kwanza ya mazingira, iliyotoka 2020, inaonyesha kwamba umeme ilioununua mwaka 2018 ulibeba takriban tani 31,700 za hewa ukaa. Kilichotoka moja kwa moja kwenye shughuli zake kilikuwa sawa na tani 192,100. Mara sita! Na zaidi ya robo tatu ya mzigo huo ni gesi zenye florini. Hakuna kilichoungua, hakuna dohani, ndiyo maana hakuna anayepiga picha.

Sehemu kubwa inatoka kwenye vigunduzi, yaani mashine za kunasa chembe zinazotokea mtambo wa chini ya ardhi unapozigonganisha chembe nyingine. Ndani ya ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa yenye vigunduzi hivyo, kuna vyumba vya kunasa myuoni, chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi: vibao viwili vilivyoachana milimita mbili, katikati gesi. Myuoni ikipita, gesi inatoa ishara. Kwa miaka mingi karibu asilimia 95 ya mchanganyiko huo imekuwa R134a, ile ile ya viyoyozi vya magari, ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto kama kilo 1,400 hivi za hewa ukaa. Humo kuna pia kiasi kidogo cha SF6, gesi nyingine yenye florini, ambayo yenyewe inapasha zaidi ya mara 22,000 ya hewa ukaa. Gesi inazungushwa na kutumika tena, sawa. Lakini viungo vya plastiki vinapasuka, vijibomba vinachoka, na vingi vimefichwa mahali ambapo mkono haufiki mpaka mtambo uzimwe na kufunguliwa. Basi inavuja, na wao wanajaza nyingine.

Umoja wa Ulaya umeipiga R134a marufuku kwenye viyoyozi vya magari mapya tangu 2017. Mwenye gari dogo kabanwa. Hawa wa CERN, waliokamata chembe ya Higgs, ile maarufu ya fizikia, mwaka 2012, bado wanahangaika na viungo vya plastiki.

Haya, niseme na yao, maana nitaambiwa nina chuki. Waliahidi kupunguza hewa chafu ya moja kwa moja kwa asilimia 28 kufikia mwisho wa 2024, na walijipima kwa 2018, mwaka ambao mtambo ulikuwa ukifanya kazi, si mwaka wa matengenezo ambapo kila mtu anaonekana msafi. Hapo hawakuchakachua. ATLAS nayo tangu 2023 imeondoa sehemu ya R134a na kuweka hewa ukaa takriban asilimia 30. Ndiyo, hewa ukaa ndiyo nafuu hapa. Pima mwenyewe ubaya wa ile nyingine. Joto la mtambo linalopelekwa kupasha nyumba za Ferney-Voltaire, mji jirani wa Ufaransa, ni jambo jema, lakini halihusiani na kuvuja. Kuzima mtambo kabla ya wakati wake, Novemba 2022, kulitokana na uhaba wa nishati Ulaya, wasituuzie kama wema.

Kinachonikera ni kwamba ahadi hiyo ya asilimia 28 ni ya jumla, kwa maabara nzima. Asilimia inameza kila kitu: kigunduzi kilichozibwa vizuri kinamfichia aibu jirani yake anayevuja usiku na mchana. Mimi nataka kila jaribio litajwe kwa jina, na kiasi cha gesi iliyopotea mwaka huo, ukurasa wa mbele wa ripoti, kabla ya picha za baiskeli. Wenye hasira na safari za ndege za maprofesa nao wasubiri kidogo, foleni ina mkubwa wao.

Na usiniambie sayansi ni ya wanadamu wote. Najua. Naipenda. Hewa nayo ni ya wote.

Sasa linazungumzwa handaki jipya la kilomita 91 la kugonganishia chembe. Kabla sijaonyeshwa mchoro wa sumaku zake, nionyeshwe gesi itakayojazwa kwenye vigunduzi, na jina la atakayesaini kwamba kila kiungo cha bomba kitafikika kwa mkono.