Dozi ya mchana ni mzigo wa nani?

Bahasha ya kaki, imekunjwa mara mbili, juu yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x3, yaani kimoja kutwa mara tatu. Hakuna jina la mtoto, hakuna jina la dawa, hakuna tarehe. Ndani, vidonge vyeupe vinne na nusu. Hivyo ndivyo nilivyoikuta mezani asubuhi moja nikiwa mwalimu wa zamu, na mtoto wa darasa la pili amesimama pembeni: "Mama amesema unipe saa sita." Darasa langu lilikuwa na watoto tisini na kitu. Saa sita ilinikuta nahangaika na foleni ya uji. Bahasha niliikumbuka saa nane, mtoto ameshaenda zake nyumbani.

Kwa hiyo nikisikia mzazi analalamika kwamba mwalimu amekataa kumpa mwanawe dawa, simwiti huyo mwalimu katili haraka hivyo.

Mzazi naye ana haki yake, tena kubwa. Mama anayeuza mbogamboga sokoni hawezi kufunga genge saa sita akimbilie shule na kidonge kimoja. Mtoto mwenye kifafa akirukwa na dozi anaweza kuanguka hapo hapo darasani. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu (sikoseli) kila mwaka, na wanaokua wanakwenda shule kama wenzao. Shule ikisema "dawa hatupokei", kwa mtoto wa namna hiyo ni sawa na kumwambia abaki nyumbani, hata kama hakuna aliyelitamka neno hilo.

Ila kuna hoja moja ambayo wazazi huitoa kama rungu la mwisho: "Mbona dawa za kichocho na minyoo mnagawa nyie wenyewe?" Ni kweli, tunagawa. Na siku hiyo ya kugawa ndiyo inayonifanya niwe upande wa mwalimu.

Tazama inavyokwenda. Walimu wanapewa mafunzo kabla. Wazazi wanatangaziwa. Watoto wanakula kwanza, maana vidonge vya kichocho vikiingia kwenye tumbo tupu vinatibua. Kisha kila mtoto anasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu yenye alama: mwenye sentimita 100 anapata kidonge kimoja, wa 130 viwili, wa 155 vitatu. Mwalimu hakisii uzito wala hasomi mwandiko wa mtu. Dawa ya minyoo ndiyo rahisi zaidi, kidonge kimoja kwa kila mtoto. Anameza mbele yako, unaandika kwenye rejista. Mtoto akitapika, unajua kituo cha afya gani kinasubiri taarifa. Dawa ni moja na inajulikana, imeletwa na serikali, na lawama ikija ni ya serikali.

Na bado mambo huharibika. Mwaka 2008 huko Morogoro, ugawaji wa dawa hizo hizo mashuleni uliishia kwenye vurugu, baada ya kuvuma kwamba dawa ni mbovu, kwamba watoto wanafanyiwa majaribio, kwamba ni njama ya kuwafunga uzazi. Wazazi walipofika shuleni na hasira zao, mtu wa kwanza kukutana naye hakutoka wizarani. Alikuwa mwalimu.

Sasa mlinganishe huyo na mwalimu mwenye bahasha yangu ya kaki. Hana fimbo, hana rejista, hana mafunzo, hana saini ya mzazi. Mtoto akivimba midomo saa saba mchana, polisi wataanza kuuliza nani alimpa. Hata England, mwongozo wa serikali kwa shule uliotoka 2014 unasema mtumishi wa shule anaweza kuombwa kumpa mtoto dawa, lakini halazimishwi. Na huko muuguzi anapatikana kwa simu.

Halafu hiyo 1x3 yenyewe. Inanikera, nakiri. Sisi wengi tukisikia "kutwa mara tatu" tunasoma chai, chakula cha mchana, chakula cha usiku, na hapo ndipo dozi ya katikati inapotua mezani kwa mwalimu. Kumbe kwa dawa nyingi maana yake ni kila baada ya masaa manane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Yule mtoto wangu wa darasa la pili saa nane alikuwa kwao! Dawa mseto ya malaria ni siku tatu, na ukiacha dozi ya pili inayofuata ya kwanza kwa masaa manane, zote zilizobaki ni asubuhi na jioni. Mzazi akisema pale dirishani anapochukulia dawa, "mwanangu yuko shule hadi saa tisa," mara nyingi mtoa dawa atampangia saa zinazofaa, au atamwambia wazi kwamba hii haisogezwi. Swali hilo linachukua nusu dakika, na sijui kwa nini hatuliulizi.

Dozi za mchana zinazobaki baada ya hapo ni chache, na hizo chache mwalimu akiletewa katika pakiti yake ya asili, jina la mtoto juu, karatasi ya kituo cha afya, saini ya mzazi na namba ya simu, sioni kwa nini akatae. Bwenini ni habari nyingine. Kuna wanafunzi wanaojaza pamba kwenye kopo la ARV ili lisilie wanapolitoa sandukuni usiku. Huyo ukimlazimisha apange foleni kwa matroni mbele ya wenzake, atakachofanya ni kuacha dawa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri yake, foleni haiilindi.

Mahali ninapoachana na walimu wenzangu ni kwenye pumu. Utaratibu wa "dawa zote zikae kabatini ofisini" unafaa vidonge, ila ile pampu ya kuvuta ni ya mfukoni mwa mtoto, kama anajua kuitumia. Nimewahi kuona mtoto amekaa kwenye ngazi za ofisi, mabega yanapanda na kushuka, shingo imekakamaa, pampu yake iko ndani ya kabati hatua nne kutoka alipo, na ufunguo umekwenda mjini na makamu mkuu wa shule kufuata mishahara. Tulivunja kitasa kwa jembe la bustani ya shule.