Spliti si dini, jamani

Leo naomba niteme nyongo. Kuna dogo hapa Ngamiani, Tanga, mpiga picha mwenye jicho kweli kweli, ana Pentax K1000 aliyoachiwa na babu yake. Akatokea mjuaji akamjaza maneno, eti K1000 ya kawaida katikati ina kale kaduara ka maikroprizimu tu (vijiprizimu vinavyometameta fokasi isipokaa sawa), haina spliti (kaduara kanakokata picha vipande viwili, fokasi ikikaa vinaungana), kwa hiyo "we unabahatisha tu bwana mdogo". Dogo wa watu akatuma kamera Dar kwa fundi mmoja, hela ikamtoka, ikarudi na kioo kipya cha fokasi, kile picha inapotua ukichungulia, chenye spliti katikati. Kusafisha mkanda wa kwanza, sura za watu zote ukungu, ila ukuta wa nyuma unahesabu mpaka matundu ya misumari. Kuuliza kioo cha zamani kiko wapi, fundi anasema alitupa. Alitupa!!

Yaani kioo cha fokasi sio kioo cha kabati, huchomeki tu kikaingia basi. Umbali wa kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye kioo hicho lazima ulingane na umbali wa kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye filamu, la sivyo macho yako yanaona kitu kimoja na filamu inaona kingine. Kikikaa juu zaidi kwa sehemu moja ya kumi tu ya milimita, na umevaa lenzi ya mm 50, na mtu yuko mita 2, fokasi inahamia nyuma yake kama sentimita 16. Kwa f/2, tundu la lenzi likiwa wazi sana, hapo sura imeshakwenda na maji. Nilimwambia dogo twende Raskazone tuangalie meli zilizotia nanga huko mbali, tukazungusha lenzi mpaka mwisho kabisa pale kwenye alama ya nane iliyolala, ya umbali usio na mwisho, meli bado ina ukungu kwenye kitundu cha kuchungulia. Lenzi ile ile kwenye bodi ya kamera yangu, meli kali kama wembe. Kesi imeisha.

Lakini hata fundi angekiweka sawa ningelalamika tu, maana ugomvi wangu ni na hii ibada ya spliti. Spliti inataka mstari. Ukipiga mashua sawa, mlingoti upo, unaukata vipande viwili unaviunganisha, raha mustarehe. Sasa njoo Deep Sea asubuhi wamama wananunua samaki, kila mtu anasogea, kanga zinapepea, we unatafuta mstari gani hapo? Kope? Unaishia kukodolea kaduara ka milimita tatu katikati ya fremu huku picha yenyewe inatokea pembeni na huioni. Na kwa sababu kaduara kako katikati, unafokasi katikati, halafu uvivu unakushika unabonyeza hapo hapo. Ndo maana picha za watu wengi sura iko katikati ya fremu kama picha ya paspoti na juu ya kichwa kuna nusu fremu ya mbingu. Wanasema ni staili. Staili gani, ni kaduara hako kanawaongoza!

Halafu weka zumu ya f/4.5 mpaka 5.6. Nusu ya duara inakuwa nyeusi tii. Zile ni prizimu mbili ndogo zimelala zikitazamana kinyume, kila moja inachungulia upande wake wa lenzi, tundu la lenzi likiwa dogo moja inakosa mwanga, ukisogeza jicho kidogo giza linahamia nusu ya pili. Watu wanakuja kuniuliza kamera imeharibika? Haijaharibika, ndivyo ilivyo. Maikroprizimu nayo inaanza kufanya vitimbi hapo hapo kwenye f/5.6, sitadanganya.

Kioo kitupu cha ukungu, kisicho na spliti wala maikroprizimu, ndo kioo cha mtu mzima. Unafokasi popote, kona ya kushoto, jicho la mtoto aliyesimama mlangoni, unaona picha nzima inaingia na kutoka kwenye ukungu kwa pamoja. Kwa hilo unahitaji kitundu kikubwa, na hapa ndo watu wangepeleka hela zao. Ukivaa lenzi ya mm 50, Olympus OM-1 inakuonyesha vitu kwa mara 0.92 ya ukubwa unaouona kwa macho matupu, Pentax MX mara 0.97, ukichungulia humo unajihisi uko ukumbini. Nikon FM2 mara 0.86, inatosha, na kioo unakibadilisha mwenyewe kupitia mdomo wa lenzi, pale lenzi inapovikwa, kuna mpaka kile kisicho na spliti wala maikroprizimu. Zenit E sasa... ile ni kuchungulia ndani ya chupa, inakuonyesha milimita 20 kwa 28 tu wakati filamu ina 24 kwa 36, halafu kuna giza kama chooni saa mbili usiku. Wazee wetu waliopigia harusi na Zenit wapewe heshima yao.

Haya, nakubali, kwa shingo upande. Lenzi pana kama mm 28, kioo kitupu kinakudanganya, kila kitu kinaonekana kimekaa sawa, hapo spliti inashinda. Na mwenye macho mabovu saa za magharibi na lenzi ya f/1.4, aendelee na spliti yake, sina neno. Ila kwanza atafute kale kalenzi ka miwani ka kuvika kwenye kitundu, wengine tatizo lao sio kioo, ni macho.

Na msiniletee habari za vioo vya fokasi vya kung'aa sana. Vinang'aa kwa sababu havitawanyi mwanga vizuri, kwa hiyo ukifungua f/1.4 unaona picha kama uko kwenye f/2.8, vitu vinaonekana vikali kumbe havimo. Mnalipia mwanga mnauziwa uongo.

Dogo nimemwambia arudishe kamera, akae juu ya fundi mpaka kioo kishuke kilipotakiwa, na kabla ya kuichukua afungue mgongo, abandike karatasi nyembamba ya kufuatishia ramani pale inapopita filamu, ashikilie shata kwenye B, ibaki wazi muda wote anapobonyeza, alinganishe kwa macho yake picha ya kwenye karatasi na ya kwenye kitundu. Fundi akinuna anune. Na lile vumbi analoliona ndani ya kitundu aliache, halitokei kwenye picha, maana jana nimemkuta anataka kuingiza ncha ya shati kupitia mdomo wa lenzi alifute. Kioo chenyewe plastiki, kinachubuka hata ukikiangalia vibaya!