Unasoma nini? Swali lililotekwa na shule

Wiki chache zilizopita, hapa Dodoma, nilipanda daladala pale Jamatini kwenda Chuo Kikuu. Pembeni yangu alikaa kijana ameshika riwaya ya Kiswahili, kidole cha shahada amekichomeka katikati ya kurasa asipoteze alipofika. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, kisha nikamwuliza, "Unasoma nini, mwanangu?" Akajibu palepale: "Takwimu, mama. Mwaka wa tatu."

Hakukosea. Katika Kiswahili chetu cha mjini, kusoma ni kuwa shuleni. "Umesoma wapi?" maana yake chuo gani. "Yule amesoma sana" maana yake ana shahada mbili. Msomi ni mwenye vyeti, hata kama kitabu cha mwisho alikifunga siku ya mtihani wa mwisho. Yule anayefungua kitabu kila jioni bila kudaiwa na mtu, lugha imempa jina la msomaji, na jina hilo tunakutana nalo zaidi gazetini, tena likitanguliwa na "mpendwa".

Nimeanza na kijana huyo kwa sababu ofisini kwetu, kule Mji wa Serikali Mtumba, kuna ubishi ambao haujaisha. Mwenzetu mmoja kila Jumapili usiku huweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp picha ya jalada la kitabu anachosoma, na mistari miwili mitatu chini yake. Jumatatu moja mtu akamwandikia kwenye kundi la ofisi: "Kaka, tumeshajua unasoma. Mshahara umeongezeka?" Vikaragosi vya kucheka vikafuata, na hadi chai ya saa 4 tulikuwa tumegawanyika. Wapo wanaosema kusoma ni jambo la mtu na taa yake, kulitangaza ni kutafuta sifa. Wapo wanaosema hakuna tofauti na kuwaambia wenzako kuwa nyanya zimeshuka bei Majengo. Mimi nina upande, na sidhani kama nitaweza kuuficha, lakini wanaolalamika wana hoja zao nzito kuliko zinavyosikika kwenye utani.

Ya kwanza ni kwamba picha ya jalada haithibitishi kitu. Kitabu kinaweza kupigwa picha pembeni ya kikombe cha kahawa na kisifunguliwe tena. Ukichunguza vinavyopigwa picha, vingi ni vya aina moja: jalada la Kiingereza, kichwa chenye ahadi ya utajiri, uongozi au nidhamu. Riwaya ya Kiswahili yenye karatasi za kahawia haipigwi picha sana. Kwa hiyo tunachoshirikishana mara nyingi ni sura ya mtu tunayetaka tuonekane, na hapo mlalamikaji hajakosea.

Ya pili inauma zaidi. Kumpendekezea mtu kitabu ni kumwambia unachomwona anapungukiwa. Mpe shemeji yako kitabu cha kudumisha ndoa uone Krismasi itakavyokuwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa mezani, na mtu aliyekuwa juu yangu kikazi, kitabu kuhusu kutunza muda. Alitabasamu, akasema, "Kizuri sana hiki, kitakufaa." Nilikuwa nimechelewa mara tatu wiki ile. Sikukisoma, na sikukirudisha, nacho kipo kabatini hadi leo kama hati ya mashtaka. Hata pale ambapo hakuna lawama, pendekezo ni kazi: aliyekupa atakuuliza umefika wapi, nawe utaanza kumkwepa koridoni.

Hayo yote nayakubali. Kinachonisumbua ni kwamba wanaolalamika wanazungumza kana kwamba vitabu vina njia nyingine ya kutufikia.

Wengi wetu hatukuzaliwa hapa. Uamuzi wa makao makuu kuhamia Dodoma ni wa 1973, lakini maofisi yalianza kubeba makabati kweli baada ya tangazo la Rais Magufuli la Julai 2016. Mimi nilikuja 2017 na masanduku mawili, wala hakuna lililokuwa na kitabu. Jioni za mwanzo, upepo ukipiga vumbi dirishani na familia iko Dar, ndipo nilipotafuta cha kusoma. Maduka niliyoingia yakiitwa ya vitabu yaliuza vya kiada, madaftari, kalamu na karatasi za kufungia madaftari. Muuzaji aliniuliza, "Cha darasa la ngapi?" Nikasema cha mtu mzima. Akanionyesha Biblia na kamusi.

Maktaba ipo, na sheria iliyounda bodi ya maktaba ni ya 1963, nchi ikiwa bado haijamaliza miaka miwili ya uhuru kamili, jambo ambalo huwa linanifurahisha. Ila ukienda Jumamosi utakuta wanafunzi wameinamia masomo, nao wana haki na viti vile. Vyuo tunavyo. UDOM na St John's vyote vilianza 2007, na mji umejaa vijana wanaosoma kwa ile maana ya kijana wa daladala. Upande wa waandishi nako kumechangamka. Tangu 2023, kila Aprili 13, siku ya kuzaliwa Mwalimu, hutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mshindi wa kwanza kwenye riwaya huondoka na shilingi milioni 10. Hundi inapigwa picha, magazeti yanaandika, na baada ya hapo riwaya yenyewe inamfikiaje karani wa Nkuhungu? Kitabu cha hadithi hakina tangazo redioni wala bango barabarani. Kina mdomo wa mtu aliyekisoma, basi. Ukimnyamazisha huyo kwa kumwita mtafuta sifa, umefunga duka pekee lililokuwa wazi.

Kila nikifika hapa kwenye ubishi narudi mwaka 1973, na wenzangu wameshachoka kunisikia. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Ilichukua wiki 12. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, kisha anayejua kusoma akawasomea wengine sehemu ya kijitabu iliyohusu wiki ile: malaria, kichocho, kuhara, minyoo. Wakajadili, wakaamua la kufanya, wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani kando ya nyumba. Walioshiriki wanakadiriwa kufikia milioni 2. Sensa ya 1967 ilihesabu nchi nzima watu milioni 12 na ushee.

Itazame namba hiyo vizuri. Kwa hesabu ya sensa ile ni karibu mtu 1 kati ya 6, na ukiondoa watoto inakuwa zaidi. Haihesabu walionunua kitabu. Inahesabu waliokaa kukizungumzia, na wengi wao hawakuweza kukisoma wenyewe. Leo, sisi wenye simu zinazobeba maktaba nzima, ni lini mara ya mwisho watu 10 wa mtaa mmoja wa Ilazo walikaa kuzungumzia ukurasa uleule? Na kuna jambo la ndani zaidi ambalo nilichelewa kuliona. Katika wiki zile 12 hakuna aliyekuwa amemaliza. Wa kuhara hawajafika kwenye kichocho. Kila aliyefungua mdomo alikuwa katikati ya kitabu kama mwenzake, kwa hiyo hakukuwa na bingwa wa kusema "kisome, kitakufaa". Walikuwa wanasindikizana.

Rafiki yangu mmoja, mchumi, hunikatiza hapo. Ile ilikuwa serikali, anasema, na balozi wa nyumba kumi alijua nani hakuja. Huwezi kuilinganisha na stetasi ya WhatsApp, na kijitabu cha minyoo si riwaya. Kweli tupu. Sitamani kurudishiwa balozi wa kuhesabu wasomaji. Ninachokichukua kule ni kitu kimoja tu, kwamba kitabu ambacho mtu yuko katikati yake kinazungumzika kwa urahisi kuliko alichomaliza.

Hapo ndipo ninapoona ubishi wetu wa ofisini umechanganya mambo mawili. Kupendekeza ni kauli ya aliyefika: nimekisoma, nimekipima, nawe nenda. Kusema "nasoma hiki" ni kauli ya aliyeko njiani, na inaruhusu kutojua. Yule kaka wa Jumapili, nilipozipitia stetasi zake, hakuwa amempendekezea mtu yeyote chochote. Wiki moja aliandika kuwa amefika ukurasa wa 60 na mhusika anamkera. Wiki nyingine, kwamba ameshindwa, amekiacha. Mtafuta sifa gani anatangaza kushindwa? Walichokiona wenzetu ni jalada. Mistari ya chini hawakuisoma.

Ofisini kwetu kuna riwaya moja inayozunguka. Aliileta mama mmoja wa masijala alipohamishwa kutoka Dar. Mgongo wake umeunganishwa kwa solatepu ambayo imegeuka njano. Ukurasa wa kwanza una majina saba, kila moja kwa wino wake, na la tatu hakuna anayemjua mwenyewe. Ukurasa wa 88 una doa la mchuzi lenye umbo la Ziwa Viktoria. Ukurasa wa 141, pale mume anapoamua kuuza shamba, mtu ameandika pembeni kwa penseli: MJINGA! Chini yake, kwa mwandiko mwingine, herufi ndogo za mtu mtulivu: subiri.

Nilipofika pale nilicheka peke yangu kwenye treni ya SGR, tukiwa tumeshaipita Morogoro, abiria wa mbele akageuka. Akauliza kitabu gani. Nikamwonyesha ukurasa ule, wala sikumwambia kitamfaa. Akasoma kuanzia juu, akaniuliza shamba lilikuwa la nani. Safari ile ni ya saa chache tu na sikumbuki tumeingia Dodoma saa ngapi.

Huyu wa "subiri" alikuwa ameshamaliza, bila shaka, na angeweza kuandika mwisho wote pale pembeni. Akaacha neno moja. Kama kuna mtu anataka kujifunza kupendekeza kitabu bila kumkalia mwenzake kichwani, aende akaone penseli ile.

Kuna upande mmoja wa kushirikishana ambao siutetei hata kidogo, nao ni ule wa "nitumie pdf". Ukitaja kitabu kwenye kundi, haipiti nusu saa kabla mtu hajaleta nakala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole cha mpigaji kikionekana kwenye kona. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Wanaotuma wanajua, na wengine ni maofisa wanaoandaa nyaraka za sheria. Hoja yao ni bei na umbali, na hoja ya umbali naielewa, mimi niliyeonyeshwa kamusi. Lakini kitabu cha karatasi kikipita mikono saba, nakala ni moja na kila mtu anangoja zamu. Faili likipita makundi saba, mwandishi ameuza moja na kusomwa na elfu, kisha tunashangaa mbona haandiki tena. Wanaopinga kutangaza vitabu wangeishika hoja hii wangenibana kuliko ile ya maringo.

La kuazima na kutorudisha silitolei hukumu, kwa sababu zilizopo kabatini kwangu.

Kuhusu stetasi, kundi letu limeamua kwa namna yake. Hakuna aliyekubali kuwa alikosea, ila yule wa mshahara, ambaye ndiye aliyeanzisha kejeli, Ijumaa moja alinifuata mezani akauliza kwa sauti ya chini kama riwaya ya solatepu iko kwa nani. Nikamwambia foleni ina watu wawili. Akasema atangoja, halafu akaongeza kuwa hataki jina lake liandikwe pale mbele.

Yule kijana wa daladala nilimwuliza mara ya pili. "Sijauliza chuo. Nauliza hicho ulichoshika." Akakitazama kama kitu alichokabidhiwa na abiria mwingine, akacheka. "Aah, hiki? Nimefika katikati. Huyu shangazi simwamini kabisa, mama." Nikamwuliza amefanya nini. Akaanza kunieleza, akasimama, akashuka kituo cha kwanza cha Chuo akiwa bado anaongea, kondakta akagonga bati tukaondoka. Jina la kitabu sikuliona.

Jumapili ile nikaweka stetasi, ya kwanza kwangu ya aina hiyo: riwaya ya Kiswahili, jalada la kijani, kuna shangazi asiyeaminika, nani anaisoma? Kufikia Jumatatu asubuhi nilikuwa na majibu manne, ya vitabu vinne tofauti.