Nyambizi Zilizopotea: Topido la Adui au Kiungo cha Bomba?

Jioni pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, meli zikipita mlangoni kuingia Kilindini, habari za nyambizi zilizopotea hazikosi wa kuzianzisha. Mwaka 1968 hutajwa mapema: nyambizi nne ndani ya miezi mitano. Dakar ya Israel na Minerve ya Ufaransa zilipishana siku mbili tu mwezi Januari, K-129 ya Wasovieti ikafuata Machi, Scorpion ya Marekani Mei. Hukumu ya baraza haichelewi: walizamishana, na wakubwa wakafunika.

Dhana hiyo haikuota hewani. Marekani ilijenga meli nzima, Glomar Explorer, ikatangaza kuwa ni ya kuchimba madini sakafuni mwa bahari, kumbe mwaka 1974 ilikuwa ikiinua kipande cha K-129 kutoka karibu kilomita 5 chini. Nyaraka za Thresher nazo, nyambizi ya Marekani iliyozama Aprili 10, 1963 na watu 129, zilianza kutolewa mwaka 2020, tena kwa amri ya mahakama. Mwenye kushuku hapo ana haki yake.

Ila Thresher hiyohiyo ndiyo inayofaa kusomwa taratibu, kwa sababu jasusi husikilizwa kuliko fundi bomba. Ilikuwa na viungo vya bomba takribani 3,000 vilivyolehemiwa kwa madini ya fedha. Wakati wa matengenezo, viungo 145 vilipimwa kwa mawimbi ya sauti, na asilimia 14 hivi vikakutwa chini ya kiwango. Uwiano huo ukishika kwa vyote, ni viungo zaidi ya 400. Sampuli huenda haikuwakilisha chombo kizima, sawa. Kata nusu, bado ni 200. Na chombo hicho kilipelekwa kwenye kina cha mita 400 hivi, ambako maji hukandamiza kama kilo 40 kwa kila sentimita ya mraba. Bomba la kipenyo cha sentimita 5 likikatika huko, huingiza takribani lita 100 kwa sekunde. Mkokoteni wa muuza maji wa Majengo, mitungi 20 ya lita 20, ungejaa kwa sekunde 4. Maji hayo yakirukia swichibodi, mtambo wa nyuklia hujizima na rafadha hukosa nguvu.

Dawa yake ni kufungua chupa za hewa iliyoshindiliwa isukume maji nje ya matangi, chombo kielee juu. Lakini hewa ikitoka kwa kasi hupoa ghafla, kama wazamiaji wanavyoijua valvu ya chupa inavyoshika umande. Unyevu uliomo huganda kwenye vichujio vya bomba la hewa, na hewa haipiti. Tinosa, nyambizi ya aina ileile, ilijaribiwa ikiwa gatini, na vichujio vikaziba kwa barafu. Ujumbe wa Thresher ulitaja hitilafu ndogo, na kwamba wanajaribu kupuliza matangi.

Wapo wachambuzi wa sauti wanaosema umeme ndio uliotangulia kukatika, si bomba. Inawezekana, barafu haichagui chanzo.

Kati ya 1915 na 1963 Marekani ilipoteza nyambizi 16 pasipo vita. Baada ya Thresher kukaja utaratibu mkali wa kukagua viungo na valvu, SUBSAFE. Tangu hapo imepotea moja tu, Scorpion, nayo haikuwa na cheti cha utaratibu huo. Kama mkono wa adui ndio uliokuwa ukizamisha, mbona ulikoma mafundi walipoanza kukagua mabomba, na vita baridi bado vimepamba moto?

Kuchelewa kuonekana nako hupewa uzito kupita kiasi. Gari lililoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni Septemba 2019 lilichukua karibu wiki mbili kutolewa, kwenye mita 58, mahali panapojulikana, mjini kabisa. San Juan ya Argentina, iliyoingiwa na maji kupitia bomba la hewa hadi kwenye betri mwaka 2017, ilionekana mwaka mmoja baadaye kwenye mita 907. Minerve ilikuwa mita 2,370, si mbali na Toulon, na ikangoja miaka 51.

Inabaki Scorpion, watu 99, ambayo uchunguzi haukufikia sababu ya hakika. Baraza lina nafasi ya kubishana hapo. Wahandisi wenyewe wanabishana: wengine wanaitaja betri, wengine topido lake lenyewe, kombora la majini. Vyote viwili hivyo vilikuwa ndani ya chombo.