Mwacheni Binti Asome Kigiriki

Tangu ijulikane kwamba binti mmoja wa Wete, aliyemaliza kidato cha sita na alama zake nzuri za Kiarabu na Historia, anataka kwenda kusoma Kigiriki na Kilatini cha kale, barazani hakuna mazungumzo mengine. "Atakula nini?" ndilo swali la kwanza. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Kwani hizo si lugha za makanisani?" Baba yake alitaka asome ufamasia. Ami yake anasema kama hataki hospitali basi asome uchumi wa buluu, ndiko serikali inakoelekea. Mimi nimefundisha Historia skuli za sekondari miaka mingi, na safari hii siko upande wa baraza.

Swali la chakula ni la haki, nitalifikia. Hili la makanisani ndilo linaloniudhi, maana linaulizwa na watu waliosomeshwa mantiki chuoni. Hiyo mantiki ilitoka kwa nani kama si kwa Aristu, mwanafalsafa wa Kigiriki? Baghdad ya karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alitumia umri wake kuvitia vitabu vya Jalinus katika Kisiriaki na Kiarabu. Vingine kati ya hivyo asili yake ya Kigiriki imepotea kabisa, leo anayetaka kumsoma tabibu yule wa Kigiriki hana budi kupitia Kiarabu. Na Imamu Ghazali, aliyewachapa wanafalsafa bila huruma, ndiye aliyeifungulia mantiki mlango katika kitabu chake cha usuli, yaani misingi ya sheria ya dini. Basi sisi ni nani hata tuogope alfabeti?

Kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Maandishi ya zamani mno tuliyonayo yanayoieleza pwani yetu kwa marefu yaliandikwa kwa Kigiriki. Ni mwongozo wa safari za bahari, kazi ya mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halikubaki, wa katikati ya karne ya 1. Nakala yake kongwe ni ya karne ya 10 na imehifadhiwa Heidelberg, Ujerumani. Humo pwani yetu inaitwa Azania, soko lake la mwisho ni Rhapta, na kabla ya kulifikia kuna kisiwa kiitwacho Menouthias: kisiwa cha chini, chenye miti mingi, mito, ndege wa kila aina na kobe. Wanyama wakali hakuna, isipokuwa mamba, nao hawamdhuru mtu. (Mamba asiyemdhuru mtu? Mimi nasema alimwona kenge.)

Mwandishi anasema kiko stadia 300 hivi kutoka bara, yaani kama kilomita 55. Wako wanaosema ni Unguja, wako wanaosema ni Mafia. Kwa umbali huo Pemba ndiyo inayokaribia, na mimi Mpemba nimeshachagua upande, nisamehewe.

Utamu uko kwenye uvuvi. Watu wa kisiwa kile, anasema, wana vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, wanavulia samaki na kukamatia kasa. Na wana namna yao wenyewe: badala ya nyavu wanatega matenga ya kusuka kwenye midomo ya mikondo. Sentensi hiyo ni ngumu, na wafasiri wa Ulaya wameivuta kila mmoja kwake. Lakini mtu aliyekulia Pemba, akashuka pwani na babu yake wakati wa bamvua, ameliona dema, mtego wetu wa kusuka, likitiwa mawe na chambo na kulazwa pale pale samaki hawana njia nyingine maji yakikupwa. Anajua mlango wa dema unaelekezwa wapi na kwa nini. Profesa wa Heidelberg anajua vitenzi vyote, ila dema kaliona makumbusho, kama kaliona. Nataka awepo mtu mmoja tu mwenye vyote viwili.

Na si uvuvi peke yake. Mwongozo huo unataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa yaliyotoka huku, na mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo vilivyoletwa. Unasema manahodha na mawakala wengi walikuwa Waarabu wa Muza, huko Yemeni, wenye kuoa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Kila ukizuka ubishi wetu wa asili ya Waswahili, sentensi hiyo hunukuliwa kwa tafsiri ya Kiingereza, tena kwa kukatwa vipande kila mtu apate anachokitaka. Ningefurahi abishane nayo mtu anayeisoma ilivyoandikwa.

Binti mwenyewe haanzi na mikono mitupu. Aliyehifadhi Ajurumiya, kile kitabu cha sarufi ya Kiarabu, akiwa mdogo, akajua neno linavyobadilika mwisho kwa kazi yake katika sentensi, hatishwi na Kilatini. Kigiriki cha kale kina hata umbo la wawili kama Kiarabu, jambo linalowatoa jasho vijana wa Kiingereza. Kukariri vitenzi kuanzia Alfajiri ndiyo maisha aliyokulia.

Sasa chakula. Hapa sitamdanganya yeye wala baba yake. Njia ya mwanazuoni wa lugha hizi ni ndefu na nyembamba. Oxford shahada ya kwanza tu ni miaka minne, ingawa wanampokea hata asiyejua herufi moja ya Kigiriki. Halafu uzamili, halafu udaktari, na katikati ajifunze kusoma Kijerumani na Kifaransa, na Kitaliano kikimbahatikia, kwa sababu nusu ya utafiti umeandikwa kwa lugha hizo. Akishaitwa daktari ndipo mateso yanaanza: mkataba wa mwaka mmoja mji huu, wa miaka miwili mji ule, na kwa kila nafasi ya kudumu foleni ya waombaji wenye sifa kama zake. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, chuo maarufu cha watu weusi, kilifunga idara yake ya fani hii. Mwenye kutafuta nyumba na gari mapema asifike huko.

Kazi yenyewe lakini haijesha. Huko Oxyrhynchus, Misri, Waingereza wawili walianza mwaka 1896 kufukua majaa ya kale, wakatoa vipande vya mafunjo, karatasi za kale zenye maandishi, vinavyokadiriwa kufika nusu milioni. Juzuu zaidi ya 80 zimeshachapishwa na bado ni sehemu ndogo. Na kwa ndugu zangu wa "atakula nini": mapema 2024 kijana wa Kimisri anayesoma Berlin, Youssef Nader, pamoja na wenzake wawili, walitunukiwa dola 700,000 kwa kusoma kwa kompyuta hati iliyounguzwa na volkano ya Vesuvius, Italia, mwaka 79 Miladi. Kweli, wao ni watu wa kompyuta. Lakini herufi zilipotokea, waliitwa wanaojua Kigiriki waseme zinasema nini.

Afrika nayo imeshapita njia hii, kwa uzuri na kwa ubaya. Malawi, Kamuzu Banda alifungua akademia yake mwaka 1981, Kilatini lazima, walimu wakiletwa kutoka Uingereza. Hiyo siitaki hata kwa dawa, ni suti ya kuazima. Ghana, Alexander Kwapong alisoma fani hii Cambridge, akarudi kufundisha, akaongoza Chuo Kikuu cha Ghana kuanzia 1966 hadi 1975. Huyo ndiye wa kumtajia baba.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa binti ni kwamba asiende kushindana na Waingereza juu ya mashairi ya Roma. Ashike Kigiriki na Kiarabu pamoja, kwenye zile tafsiri za Baghdad na kwenye habari za bahari yetu, ambako wenye lugha zote mbili ni wachache. Na kwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, naomba nafasi moja tu ya mhadhiri, iwe chini ya historia au lugha, sijali. Tumefungua milango ya kila fani inayohusu hoteli, nafasi moja ya kuisoma pwani yetu ya miaka elfu mbili iliyopita haitatufilisi.

Kwa sasa anajifunza herufi kwa simu. Maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina maandishi na kamusi bure, anachohitaji ni bando. Maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa katikati ya Oktoba, na barua ya mwalimu nitamwandikia mimi.